Hoteli ya Macho Mekundu

Nilikula chakula cha Zipora kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kuniuliza habari za nyumbani. Mwanzoni nilidhani kuna kosa nimemfanyia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia Katoro kutoka Biharamulo na marobota mawili ya vitenge, nimepanga fremu hatua chache kutoka hoteli yake, na jirani akikununia siku ya kwanza lazima ujiulize. Baadaye nikaona anamnunia kila mtu. Wachimbaji, madereva wa malori ya mchele, wanunuzi wa dhahabu wenye simu tatu tatu, mapadri, mashehe, wote aliwawekea sahani mezani bila neno na kugeuka. Ukisema "asante dada," alikuwa ameshafika jikoni.

Na watu walijaa. Ugali wake wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, ulikuwa laini, haushiki meno. Sato alimkaanga akawa mkavu nje, laini ndani. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyapika na karanga mpaka vijana wa Kichaga na wa Kimakonde waliotoka mbali kutafuta dhahabu wakawa wanayaulizia kwa jina la Kisukuma. Walimtania wakisema, "Mama huyu hana maneno, ana chakula." Hakucheka.

Juu ya mlango kulikuwa na bati lililoandikwa kwa rangi: HOTELI YA MACHO MEKUNDU. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya pilipili yake. Wageni wengi walidhani hivyo. Wenyeji hawakutusahihisha.

Mwezi wa tano mwaka 2024 Zipora alibandika karatasi mlangoni: "Tunafunga tarehe 31." Hakuandika sababu, wala shukrani kwa wateja. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia karatasi ile kama tangazo la msiba. Jioni mwenyekiti wetu, Januari, akaita wafanyabiashara kwenye kikao. Januari alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, tajiri wa zamani wa maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, mwenye sauti ya kanisani na mkono mwepesi wa kukushika bega.

"Hoteli hii ni historia yetu," alisema. "Aliianzisha marehemu Mama Mageni, mama yake Zipora, mwaka tisini na sita, akiwa na sufuria mbili tu. Hatuwezi kuiacha ifungwe kimya kimya. Tuienzi familia hii. Turubai, muziki, cheti chenye fremu. Na barabara hii ya mbele tuombe iitwe Barabara ya Mama Mageni."

Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa kazi ya kuandika risala.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikaenda kwa Zipora na daftari. Alikuwa anachambua dagaa.

"Dada Zipora, nimetumwa na kikao. Tunataka kumuandikia mama yako historia."

Akaendelea kuchambua. "Umetumwa na nani?"

"Na mwenyekiti."

Hapo akaniangalia usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nihamie. "Mama Fredy, wewe ulikuja hapa lini?"

"Mwaka 2012."

"Basi kaa. Utaandika nitakachosema. Na kama hutakiandika kama nilivyosema, usiandike kabisa."

Nikakaa. Alizungumza bila kuacha dagaa zake, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibiwa.

Mama yake, Mageni, alikuwa mwanamke wa Samuye, kule Shinyanga vijijini. Alipofiwa na mume alikuja Katoro na binti yake, akaanza kuwapikia wachimbaji kwenye mafiga matatu kando ya barabara. Alikuwa mcheshi. Alijua jina la kila mchimbaji na la mama yake. Asiye na kitu alikula, na hakukumbushwa. Asubuhi alikuwa na uji wa ulezi, na wanaume walipanga foleni wakiwa na tochi zao kichwani, wakimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," naye akiwajibu huku anakoroga. Kuni alizokuwa akipikia zilikuwa mbichi nusu ya mwaka. Miaka kumi na moja ya moshi ule ikayala macho yake. Yakawa mekundu, kope zikapukutika.

"Hapa Usukumani unajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwaje," Zipora akasema.

Nilijua. Mchawi. Kila mtu anajua.

Novemba 2007 mvua zikapiga, na duara moja likabomoka asubuhi na kufukia wanaume watano. Wanne walitolewa wakiwa wamekufa. Wa tano, Abel, alitolewa hai, lakini mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Duara hilo lilikuwa la Januari.

"Huyu Januari mwenyekiti?" nikauliza.

"Kwani Katoro tunaye Januari mwingine mwenye maduara?"

Msibani watu walianza kuulizana kwa nini kuta zilishuka zote kwa pamoja. Januari hakusubiri swali limfikie. Alimleta mpiga ramli kutoka mbali, na mpiga ramli akasema marehemu wote walikunywa uji wa mkono mmoja asubuhi ile. Kweli walikunywa. Nusu ya Katoro ilikuwa imekunywa uji ule. Lakini mjane mmoja, Scolastika, mwenye mimba ya miezi saba, akasimama katikati ya waombolezaji akapiga kelele, "Ni yule mwenye macho!" Watu wakainuka.

Zipora hakuwepo. Alikuwa amekwenda mwaloni, ziwani, kununua samaki. Aliporudi saa tisa mchana alikuta masufuria yamepinduliwa, ugali umekanyagwa mpaka barabarani, na mama yake hayupo. Walimpiga mawe. Moja lilimvunja mfupa wa bega. Aliyemwokoa alikuwa dereva wa lori la mchele aliyekuwa anarudi Kagongwa. Alimpandisha juu ya magunia matupu na kuondoa gari watu wakiwa bado wanagonga milango.

"Nikasimama hapo ulipokaa wewe," Zipora alisema. "Nikawauliza, na mimi je? Mbona hamnipigi? Unajua walinijibu nini? Jirani yangu, mtu niliyekuwa namwazima chumvi, akanijibu kwa upole kabisa: wewe hatuna shida na wewe Zipora, macho yako meupe."

Mageni alifika kwao Samuye na bega lililovunjika, lakini habari ilikuwa imetangulia. Kaka yake alimpa chumba. Majirani hawakumtupia mawe, ila hawakula chakula chake. Akipeleka bakuli msibani, linarudi limejaa. Aliishi hivyo miaka sita. Mwanamke aliyekuwa akilisha mamia kwa siku alikufa mwaka 2013, akiwa anajipikia peke yake kisufuria cha mtu mmoja. Zaidi ya Zipora, kutoka Katoro hakwenda hata mtu mmoja kumzika.

Nilimuuliza Zipora kwa nini alibaki.

"Ningekwenda wapi? Kila tulichokuwa nacho kilikuwa hapa. Mchumba wangu, fundi wa karasha za kusagia mawe, alihama bila kuaga. Nikasema sawa. Siku ya tisa nikawasha moto. Nikaandika lile bati kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka wale kila siku chini ya macho yake. Nikajua watakuja tu, kwa sababu mjini hakuna mtu mwingine aliyekuwa anajua kupika. Na walikuja. Wiki ya tatu walikuwa wamejaa, wanaomba waongezewe mchuzi."

"Na Januari?"

"Huyo alianza kuja 2014, alipotaka uenyekiti. Kila akija namuwekea kikombe cha uji. Aagize wali, aagize kuku, mbele yake naweka uji. Hajawahi kuunywa. Anachezea kijiko, anasalimia watu, anaondoka."

Kweli nilishawahi kukiona kikombe kile. Nilidhani ni mazoea ya mteja na mwenye hoteli.

Mwisho nikauliza kwa nini anafunga sasa. Akaacha dagaa, akasogea mlangoni penye mwanga na kuvua miwani ambayo miezi hiyo alikuwa haachi kuivaa. "Niangalie."

Weupe wa macho yake ulikuwa umebadilika. Kingo zilikuwa zimevimba, nyekundu kama kidonda. Kliniki walimwambia aache moshi. Alikuwa ameshaanza kutumia gesi, lakini madhara ya miaka yalikuwa yametangulia.

"Wiki iliyopita binti mmoja mgeni alimnong'oneza mwenzake akaninyooshea kidole," alisema. "Wakacheka. Leo wanacheka. Siku mvua ikiangusha duara hawatacheka. Mama yangu wamempata. Mimi hawanipati." Akavaa miwani. "Andika."

Niliandika yote, kurasa tano. Nikampelekea Januari kwa sababu kikao kiliagiza apitie. Alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu. Ukurasa wa pili tabasamu likabaki mdomoni tu. Alipofika mwisho akachomoa kalamu mfukoni, akapiga mistari kuanzia "Novemba 2007" mpaka mstari wa mwisho. Juu yake akaandika: "Baadaye Mama Mageni alirudi kwao kupumzika."

"Mama Fredy, hafla ni ya furaha," akasema na kunishika bega. "Mambo ya zamani yana watu wake. Wewe ni mgeni hapa, biashara yako inakwenda vizuri, tunakupenda. Soma hii."

Ningependa kusema nilimrudishia karatasi zake. Nilizikunja nikazitia kwenye mkoba.

Tarehe 31 ilikuwa Ijumaa. Zipora hakuwa amekubali hafla yoyote na alisema hatapika kwa ajili yake. Asubuhi aliamka akakuta turubai limefungwa kwenye nguzo za baraza lake na spika mbili zimezibana njia za wateja. Hakubishana. Alihudumia waliofanikiwa kupenya, kama siku nyingine. Kufika saa saba watu walikuwa mia mbili au zaidi, wameketi kwenye viti vya plastiki wakila pilau iliyoagizwa kwingine, pilau yenye mchanga, wakiangalia mlango wa jikoni kwa huzuni.

Nikaitwa. Nikasoma risala kama ilivyosahihishwa. Nilipofika pale pa "alirudi kwao kupumzika," nilimwona Zipora amesimama mlangoni mwa jikoni na mikono yake ndani ya khanga. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Januari akasimama na cheti. "Sasa namwita binti yetu, mrithi wa familia hii tukufu."

Zipora alitoka jikoni. Mkononi alikuwa na kikombe, mvuke unatoka. Alipita katikati ya viti mpaka meza kuu, akakiweka mbele ya Januari juu ya kitambaa cheupe.

"Cheti nitapokea," alisema, na mshereheshaji bila kufikiri akamsogezea kipaza sauti. "Lakini kwanza kunywa. Ni uji wa ulezi, kama aliokuwa anapika mama. Kama mama yangu ni wa kuenziwa, basi hakuwa mchawi. Kama hakuwa mchawi, uji wake hauui. Kunywa, Mwenyekiti."

Vijana waliokuja juzi walitazamana, hawajui kinachoendelea. Watu wa makamo ndio walioinamisha vichwa.

Januari akacheka. "Jamani, mimi nina kisukari, daktari amenikataza."

Wachache wakacheka naye.

"Sikutia sukari," Zipora akasema.

Januari hakukigusa.

"Miaka kumi na saba unaogopa uji uliousingizia mwenyewe. Abel! Kaka Abel, upo?"

Abel alikuwa amekaa nyuma, magongo yake yameegemezwa kwenye spika. Alikuwa akila hotelini pale tangu apone, na miaka kadhaa nyuma, siku moja hoteli ikiwa tupu, alimweleza Zipora jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu mwingine. Sasa alitikisa kichwa kukataa.

"Siyo kwa ajili yangu," Zipora akamwambia. "Scolastika yule pale. Mwambie yeye."

Scolastika alikuwa ameketi mstari wa pili na gauni la sherehe. Alikuwa amenenepa, anauza nguo za mitumba, na yule mtoto aliyekuwa tumboni ameshafika sekondari. Aligeuka akamtazama Abel. "Aniambie nini?"

Abel akainuka polepole. "Matimba hayakuwepo," akasema. Sauti yake haikufika mbele, akarudia. "Magogo ya kushikilia kuta. Duara lilikuwa na futi sitini na halikuwa na matimba. Mumeo alimwambia Januari mara mbili kwamba kuta zinalia, tusishuke mpaka magogo yaje. Januari akasema asiyetaka kushuka apishe wengine. Tukashuka."

"Huyo alipigwa na jiwe kichwani, akili haikurudi yote," Januari akasema kwenye kipaza sauti cha pili, na sauti yake haikuwa tena ya kanisani hata kidogo. "Mshereheshaji, weka muziki! Weka muziki nimesema!"

Muziki ukapigwa kwa nguvu zote. Kwaya ya harusi. Katikati ya kelele ile Scolastika alipita kwenye viti akikanyaga miguu ya watu. Nilidhani anakwenda kumrukia Januari. Alisimama mbele yake, akamtazama mpaka yule mzee akaangalia pembeni. Kisha akachukua kikombe, akakinywa chote akiwa amesimama, uji wa moto, machozi yanachuruzika. Alipomaliza akamgeukia Zipora, akamwambia jambo. Hatukusikia alichosema.

Alichojibu Zipora nilikisikia, kwa sababu nilikuwa karibu na muziki ulikuwa ndio unazimwa.

"Nimekusikia. Sikusamehe." Akachukua kikombe mkononi mwake. "Na kaburini kwake usije."

Akaingia jikoni. Cheti kilibaki mezani. Watu waliondoka wakivuta viti vyao bila kuagana, na wawili wakapigana ngumi kwenye kona kwa sababu mmoja alisema baba wa mwenzake naye alirusha mawe. Saa kumi na mbili Zipora alifunga mlango kwa kufuli, akapanda Noah ya abiria na mabegi mawili.

Wapo wanaodhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Januari bado ni mwenyekiti. Alikwenda polisi kulalamika kwamba amechafuliwa jina, akarudi mikono mitupu. Abel hapati tena kibarua cha kulinda mashine kwenye maduara ya mtu yeyote, na mke wake ananilaumu mimi kwa kuwa ndiye niliyeshika kipaza sauti kwanza. Scolastika ameacha kwenda kanisa analokwenda Januari. Wakikutana njiani mwanamke anatema mate chini, mchana kweupe, na hakuna anayemwambia kitu. Ombi la jina la barabara halikupelekwa popote. Hotelini pamefunguliwa duka la vipuri vya bodaboda.

Mwezi wa nane nilifunga duka siku mbili. Nilipanda basi la kupitia Kahama, na njia panda ya mwisho nikachukua bodaboda mpaka Samuye. Nilimkuta Zipora nyuma ya nyumba ya mjomba wake, anaanika viazi vilivyokatwa juu ya kichanja. Jua lilikuwa kali. Hakuvaa miwani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukusalimia, dada."

"Umeshanisalimia."

Niliendelea kusimama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kuhusu zile kurasa tano na kalamu ya Januari. Niliyasema vibaya, nikiyaruka ruka. Alisikiliza akipanga vipande vya viazi kimoja kimoja. Nilipomaliza alisema, "Ulikuwa na karatasi mkononi na watu mia mbili mbele yako. Mimi nilikuwa na kikombe tu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja."

Mke wa mjomba wake akaniletea maji kwenye kata, nikanywa. Nilimuuliza kuhusu macho. Alisema yanawasha kidogo sasa, dawa inasaidia. Nilitaka kumuuliza kama majirani wanakula chakula chake. Uani kulikuwa na mafiga yaliyopoa na sufuria moja, sikuweza kuona ni ya watu wangapi.

Nikakaa kwenye kigoda, yeye akaendelea kupanga viazi. Kisha akaangalia jua, akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi la kurudi Kahama linapita saa tisa," alisema. "Likikuacha hapa hakuna pa kulala."

Nikainuka.